Sekunde Tano za Kituo cha Nne

Hospitali Kuu, Chumba cha Mafunzo
Jumatatu, 3 Machi

Mpenzi binti ya kaka yangu,

Nisamehe kwa kimya cha miezi mitano. Sina ugonjwa wa kusingizia wala safari ya kukusimulia. Nilinyamaza kwa sababu sikujua nianzeje. Kila Alhamisi ninakukaripia mbele ya vituo vingine sita. Sasa Jumapili nikae mezani nikuandikie "mwanangu, hujambo"? Mkono ulikuwa unagoma. Leo nimeulazimisha.

Hujambo basi? Mumeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu, meno yameota, au bado anacheka kwa ufizi? Baba yako ni mzima, isipokuwa goti, nalo humuuma zaidi anapoombwa kufagia uwanja. Mimi ni mzima. Nimebadilisha miwani.

Nikueleze nilipo, maana wewe unaniona kichwa na mabega tu. Chumba hiki kilikuwa stoo ya mashuka, na bado kinanukia sabuni. Mbele yangu ipo kamera ndogo kama jicho la samaki, na runinga mbili. Vituo vyenu saba vimepangwa kwenye kioo kama madirisha ya nyumba moja, nami nimesimama uani ninachungulia. Kando yangu kuna meza, mdoli, mfuko wa hewa na barakoa yake. Nilipostaafu ukunga nilidhani nimemaliza kufundisha. Waliponiita tena nilikubali siku hiyohiyo, kwa sababu nilitaka kuona kama mkono unaweza kufundishwa kutoka mbali.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Ninaposema, "Mtoto hajalia. Anza!", vituo vingine humpa mdoli pumzi ya kwanza katika sekunde moja au mbili. Ninyi wa kituo cha nne hutumia tisa. Nimewapima kwa saa yangu ya mkononi Alhamisi tatu mfululizo. Tisa, tisa, kumi.

Unajua zina maana gani. Mwezi wa sita kamati ya Daktari Mkuu itaamua ni vituo vipi vibaki na chumba cha kujifungulia. Sharti ni moja: mtoto asiyepumua awe anapewa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kumkausha na kumsugua kabla ya "Anza" hula sekunde hamsini na tatu, kwa hiyo kwa hesabu yangu, ninyi mnavuka. Mkivuka tena, chumba kitafungwa, na akina mama wa huko watasafiri saa tatu kuja huku, wengine uchungu ukiwa umeshawashika.

Ninataka kujua kwa nini. Sitaki visingizio, ninataka sababu. Usinipigie simu. Mtahini na mtahiniwa wakizungumza kwa simu hakuna anayejua walichosema, lakini barua yaweza kuwekwa mezani mbele ya yeyote. Gari la chanjo linakuja kwenu kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne. Mpe dereva.

Shangazi yako

*

Kituo cha Nne
Jumanne, 18 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kama ulivyotufundisha kupokea ripoti. Kisha nikaisoma tena nimekaa, ikawa nzuri zaidi.

Sisi hatujambo. Mjukuu wako ana meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole changu. Baba yake anakusalimu. Mwambie Baba goti alipake dawa, na ufagio auchukue hivyohivyo.

Shangazi, nami nikueleze nilipo, kwani nadhani unaona madirisha na huoni nyumba. Runinga yetu imetundikwa ndani ya chumba cha kujifungulia chenyewe, juu ya meza ya kumhudumia mtoto. Hakuna ukuta mwingine unaofikiwa na waya. Siku za Alhamisi tunasimama watano mbele yake, tumebanana kama mafaili. Akija mama mwenye uchungu tunaizima na kufanya kazi. Uso wako ni mkubwa kuliko mlango wa kabati la dawa. Midomo yako hufunga kwanza, sauti hufuata baadaye. Mwenzangu yule mnene mwenye miwani, ambaye hapa tunamwita Chapchap kwa sababu hajawahi kutembea kama angeweza kukimbia, husema, "Shangazi yako anakula maneno, halafu anayatema."

Tukikujibu "Ndiyo, Mwalimu", wewe umeshaingia swali la tatu, nawe hufikiri tunajibu hilo la tatu. Unakumbuka Alhamisi ile uliyotutoa darasani kwa kucheka ulipokuwa ukisoma idadi ya vifo? Tulikuwa tunaucheka mzaha wako wa kabla ya hapo, ule wa mkunga aliyefunga shuka lake mwenyewe pamoja na la mgonjwa. Ulikuwa mzaha mzuri. Ulifika umechelewa, ukatukuta mazishini.

Kwa hiyo sababu ninayoiona ni mtandao. "Anza" yako inatufikia ikiwa imechoka.

Sikuyasema haya mapema kwa sababu ulishatuambia siku ya kwanza kwamba mkunga anayelaumu vifaa vyake abadilishe kazi. Nikaona ninyamaze. Na kusema kweli nilikasirika kidogo, si kwa kukaripiwa, ila kwa sababu hukunikaripia mimi peke yangu; ulimkaripia na Chapchap, ambaye amezalisha watoto wengi kuliko sote hapa.

Wiki hii tulikuwa na akina mama sita. Wawili walitembea kwa miguu. Sijui wangetembea vipi hadi huko kwenu.

Mwanao

*

Hospitali Kuu
Jumatatu, 31 Machi

Mwanangu,

Ninatumaini barua hii inakukuta salama kama inavyoniacha. Meno mawili ni mwanzo mwema, kidole kitapona. Nimempa baba yako ujumbe wa ufagio. Amesema umekuwa na mdomo tangu ulipoolewa. Nimemwambia ulikuwa nao tangu ulipozaliwa, mimi nilikuwepo.

Kuhusu kicheko, niliwakosea. Nimemweleza Fundi wa mitambo kisa chote, akacheka hadi akashika meza. Kisha akasema jambo lililoninyima raha: inawezekana kabisa. Njia ya kituo chenu inapita kwenye mnara mmoja uliozidiwa. Nikamuuliza, "Inachelewa kwa sekunde ngapi?" Akasema, "Nyingi tu, Mwalimu." Nikamwambia kwamba "nyingi tu" si kipimo, hata kwa kuuza nyanya.

Basi tutapima wenyewe. Alhamisi hii, kabla ya somo, nitainua kitambaa chekundu. Ninyi mkikiona tu, inueni chenu papo hapo. Asikitazame Chapchap peke yake. Akitazame kila mmoja, na mtu mmoja ainue. Nitahesabu kuanzia mkono wangu unapopanda hadi nitakapoona chenu. Nitafanya hivyo mara tano, kisha nitafanya vivyo hivyo kwa vituo vyote, asije mtu akasema kituo cha nne kimebembelezwa.

Nikwambie ukweli, sijangojea Alhamisi kwa hamu namna hii tangu nilipokuwa mwanafunzi na tukaahidiwa kuonyeshwa hadubini.

Ila sikiliza. Kama mtandao ukitoka na hatia yote, vizuri. Kama haukutoka nayo yote, nitakachotaka kujua ni kile kitakachobaki.

Shangazi yako

*

Kituo cha Nne
Jumanne, 15 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hujambo, na miwani mipya imekuzoea. Sisi tu wazima wa mwili. Kwa habari ya roho, soma hadi mwisho.

Jibu la kitambaa ulilitangaza mwenyewe: vituo vingine sekunde moja, sisi nne. Hapa palikuwa na shangwe. Chapchap alicheza na kile kitambaa chekundu kuzunguka meza ya dawa. Kisha ukauliza, na swali likatufikia likiwa limekawia kama kawaida yake, "Sekunde nne ni za mtandao. Tano zilizobaki ni za nani?" Chapchap akaketi.

Shangazi, nimezitafuta hizo tano. Kwanza tulijaribu runinga ikiwa inawaka, wewe ukiwa hupo, mhudumu wetu akitamka "Anza" kutoka mlangoni. Bado tulichelewa. Nikamuuliza kila mmoja, "Unangoja nini?" Mmoja akasema hangoji. Mwingine akasema anangoja kuwa na hakika. Chapchap ndiye aliyekumbuka. Alhamisi ya kwanza kabisa picha yako iliganda ukiwa umeinua mkono, tukadhani umeshasema, tukaanza. Picha ilipotembea ukatuambia, "Kituo cha nne, nani amewatuma?" Vituo vyote vilisikia. Tangu siku ile tukisikia "Anza" hatuanzi. Tunangoja tukusikie unahesabu, "Bana, mbili, tatu", ndipo tunajua kweli tumetumwa.

Nilifurahi kuipata sababu, nikataka kukuandikia jioni ile kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe kumi na moja.

Ilikuwa saa nane mchana. Mama wa mtoto wa tatu, uchungu mfupi, hakuna lililotutia wasiwasi. Mtoto alitoka mlegevu na kimya. Nilimkausha, nikamsugua mgongo. Kimya. Nikamweka mezani. Chapchap tayari alikuwa na barakoa usoni pa mtoto, imekaa vizuri kama pichani, mkono mwingine kwenye mfuko. Hakubana.

Aliinua macho kwenye runinga. Ilikuwa imezimwa, Shangazi. Kioo cheusi. Niliyaona macho yake ndani ya kile kioo, na ili niyaone ilibidi nami niwe ninatazama kulekule.

Sijui ni muda gani. Nadhani ni zile tano zako. Nikasema, "Bana!", kwa sauti yako kabisa, hata mhudumu aligeuka. Chapchap akabana. Pumzi kama ya kumi na tano mtoto akakunja uso, akalia kwa hasira. Ni mzima. Ananyonya. Mama yake ametushukuru mno, nasi hatukuweza kumtazama machoni.

Tulipomaliza kuosha vyombo Chapchap aliniambia, "Wewe, miaka kumi na minane nazalisha. Leo nimengoja ruhusa ya runinga." Hakuwa analia, ila alikuwa anakunja taulo lilelile kwa mara ya nne.

Nimekuandikia haya wewe, Shangazi yangu. Sijamwandikia mtahini. Nakuomba uyaweke moyoni. Kamati ikijua, hakuna cha kujadili tena, chumba kinafungwa.

Mwanao

*

Hospitali Kuu
Jumatatu, 28 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo, kwa mtoto, na safari hii kwa Chapchap hasa. Baba yako hajambo.

Barua yako ilifika Jumatano. Usiku sikuwa na usingizi wa maana, na asubuhi niliingia chumba cha mashuka nikiwa na wazo moja. Ninyi hamkuwepo Alhamisi ile. Umeme wenu ulikuwa umekatika, dirisha lenu lilikuwa jeusi. Kwa hiyo hukuona nilichofanya.

Nilisoma kisa kama kawaida: mama amejifungua, mtoto ni mlegevu, hajalia. Kisha nikanyamaza. Sikusema "Anza". Sikuhesabu. Niliweka mikono chini ya mapaja nikaikalia, kwa kuwa ilikuwa inataka kuinuka yenyewe.

Vituo sita, mwanangu. Sita vyote vilisimama. Walikuwa wameshika mifuko yao, barakoa zimekaa sawasawa, nao wote wananitazama. Kituo cha pili, ambacho nimekisifu kila juma, ambacho mtandao wao ni kama maji ya bomba, kilisimama sekunde kumi na mbili. Kisha mganga wao akasogea karibu na kamera, pua imejaa kioo, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, unatusikia? Tuanze?"

Mdoli alikuwa ameshakufa.

Alama zote nilizotoa tangu Oktoba zilikuwa za utii. Kituo cha pili kilinitii haraka, ninyi mlinitii polepole. Hakuna niliyempima kama anajua mwenyewe kwamba saa ya kuanza imefika.

Nimekaa nikijiuliza lilitoka wapi, maana wodini nilifundisha hivyohivyo miaka thelathini na moja na wanafunzi wangu hawakuganda. Nadhani nimepata. Wodini nilisema "Anza" mara ya kwanza na ya pili; mara ya tatu niliugusa tu mgongo wa mwanafunzi kwa kiwiko; mara ya nne nilikuwa kitanda cha pili, sikumwangalia tena. Niliondoka kidogo kidogo bila kujua kwamba ninaondoka. Kwenye runinga siwezi kuondoka. Ama nimejaa ukuta mzima, au nimezimwa. Sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Ningelipenda kulichunguza zaidi, kama kungekuwa na muda.

Sasa ombi lako. Unaniomba niwe shangazi na mtahini asisikie. Siwezi. Kuna vituo vingine sita vyenye watoto wasiolia, na kila kimoja kina kioo cheusi ukutani. Nitaandika ripoti kwamba njia yangu ya kufundisha ina kasoro, na nitaeleza kasoro ipi. Naomba ruhusa yako, na ya Chapchap, niiweke barua yako mezani kama ushahidi. Mkikataa nitaandika bila hiyo, na kituo chenu sitakitaja. Jibu lenu nileteeni kwa dereva huyuhuyu, nimemwomba angoje.

Nitafanya jambo la pili pia, nalo litakuudhi. Nitawaambia kwamba wewe ni binti ya kaka yangu. Unatumia jina la mumeo, hakuna aliyeuliza, nami nilijidanganya kwamba kutoulizwa ni sawa na kusema. Huenda ndiyo sababu nilikukaripia zaidi ya wengine. Nilikuwa ninajilinda na upendeleo, nikakutumia wewe kama ngao.

Nimependekeza mtihani mpya tarehe nane Mei, ninyi mkiwa wa kwanza. Kamati iwaone, ninyi msione kamati. Funikeni runinga kwa shuka. Kisa kitakuja kwenye bahasha.

Shangazi yako

*

Kituo cha Nne
Jumanne, 13 Mei

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo sote. Mtoto amesimama peke yake, akajishangaa, akaanguka.

Karatasi ya ruhusa uliipata kwa dereva yuleyule, kwa hiyo unajua tulikubali. Usichojua ni maneno ya Chapchap alipoweka sahihi: "Mpe. Ila mwambie aandike kwamba hatimaye nilibana." Mimi nilinuna siku mbili kwa lile la ngao, kisha nikachoka kununa. Lilikuwa kweli, na hakuna mwingine ambaye angeniambia.

Sasa niambie kuhusu mtihani, au nikuambie mimi, kwani nadhani kila mmoja wetu ana nusu.

Tulifunika runinga kwa shuka la kitanda. Chumba kikawa kikubwa. Kamera ndogo ilikuwa juu ya kabati, tukaisahau. Chapchap akafungua bahasha, akasoma, "Mama wa mtoto wa kwanza, maji yana rangi ya kijani, mtoto halii." Hakuna aliyesema "Anza". Shangazi, sijui nikuelezeje. Palikuwa na kimya kidogo, kisha hapakuwa na kimya, tulikuwa kazini. Nilimkausha mdoli. Chapchap akachukua mfuko, na hapo barakoa ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza. Mhudumu akafuata ile ya akiba droo ya pili. Chapchap akasema, "Leta, leta, mtoto wa watu huyu!", kwa mdoli! Akabana. Akahesabu mwenyewe kwa sauti yake, si kwa yako. Yake ni nene.

Tulipomaliza tulikuwa tunacheka na kutoka jasho. Simu ikalia. Ni Daktari Mkuu mwenyewe. Akasema picha iliganda sekunde ya ishirini ikarudi ya sitini na nane. Kabla ya kuganda mdoli alikuwa kwenye taulo. Baada ya hapo Chapchap alikuwa anabana. Katikati hawakuona kitu. Akauliza, "Pumzi ya kwanza mlitoa sekunde ya ngapi?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameitazama saa. Chapchap alinionyesha vidole vinne na ngumi: arobaini. Huenda ilikuwa arobaini. Huenda ile barakoa ilitufikisha hamsini na tano, au sitini na mbili. Nikasema, "Daktari, hatujui. Barakoa ilianguka, tukachukua nyingine. Hakuna aliyeshika saa."

Akasema, "Asante," akakata.

Chapchap amenisema tangu siku hiyo. "Ungesema arobaini tu! Nani angebisha? Runinga iliganda, hata Mungu aliona vipande!" Sasa ananiita Shahidi. "Shahidi, nipe mkasi." "Shahidi, mgonjwa wako amefika." Anatania, lakini hataniwi mtu hivyo siku tano kama hakuna kinachouma. Jana aliniuliza polepole kama nimekifunga chumba kwa neno moja.

Nami nakuuliza wewe. Je, nimekifunga?

Mwanao

*

Hospitali Kuu
Jumatatu, 26 Mei

Mwanangu,

Ninakusalimu kwa mapenzi, wewe na nyumba yako yote. Anayesimama na kuanguka mwacheni aanguke. Msimshike mkono kila mara. Utaona kwamba siku hizi hilo limekuwa somo langu.

Uliuliza swali la moja kwa moja. Kamati haijaamua; nitakueleza nilichokiona, nawe ukipime.

Tulikuwa sita mezani. Mlipoganda, mwanangu, mliganda vizuri: wewe umeinama, taulo mkononi, Chapchap amenyoosha mkono, mhudumu mguu mmoja hewani. Tuliitazama picha hiyo sekunde arobaini na nane. Daktari wa watoto alisema mkono wa Chapchap unaelekea kwenye mfuko. Katibu wa kamati akasema unaelekea dirishani. Wakasogea hadi kwenye kioo, wakabishana juu ya kidole gumba. Fundi aliapa kwamba kosa ni la mnara. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu.

Picha iliporudi nilisikia hesabu ya Chapchap. Ilikuwa ya polepole kuliko yangu, na ilikuwa sahihi kuliko yangu. Nimeipima baadaye. Mimi nimekuwa nikiwaharakisha.

Kisha simu, nawe ukasema, "Hatujui." Sauti ilitoka kwenye kipaza, kila mtu aliisikia. Katibu alicheka, akasema hivyo ndivyo wanavyofeli. Daktari Mkuu hakucheka. Aliivuta barua yako ya Aprili, ile ya kioo cheusi, akaisoma upya yote, tukiwa tumekaa. Alipomaliza akasema, "Huyu angeweza kutudanganya mara mbili."

Hapo nikasimama, nikawaeleza udugu wetu. Nilikuwa nimeshaandika kwenye ripoti, lakini kumbe hakuna aliyefika ukurasa wa mwisho. Pakawa na zogo. Katibu akasema ripoti yote sasa ina harufu. Nikamwambia ana haki ya kunusa, ila anuse pia kituo cha pili, ambako sina ndugu, na ambako mdoli wao alikufa akiwa ameshikwa vizuri sana. Nikaombwa nitoke nje. Ni sahihi, mimi mwenyewe ningejitoa.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, mahali ambapo nimewakalisha wanafunzi wangu miaka yote wakingoja matokeo. Sikujua kwamba benchi lile ni baya kiasi hicho. Lina ubao uliolegea, na ukisogea linalia, na kila anayepita anakugeukia.

Baada ya muda Daktari Mkuu akatoka peke yake. Alisimama mbele yangu, hakuketi. Akasema, "Mwalimu, sikuulizi kama mtahini, na sikuulizi kama shangazi. Tuseme binti wa jirani yako ana uchungu leo, naye yupo karibu na kituo cha nne. Unampeleka pale, au unamweka garini aje huku?"

Nilimjibu, "Pale. Na simu yangu ningeizima."

Akarudi ndani, akafunga mlango.

Yaliyosemwa baada ya hapo siyajui, na nimeshindwa kuyakisia, ingawa nimejaribu kila siku. Ninajua tu kwamba mambo mawili yapo mezani. La kwanza ni la chumba chenu: kifungwe, kibaki, au mtu aje awapime ana kwa ana, akiwa na saa mkononi. Mtu huyo hatakuwa mimi. La pili ni langu: niendelee na Alhamisi kwa njia mpya, ya kunyamaza kadiri somo linavyosonga, au wampe kiti mwingine. Nimewaambia wakimpa mwingine wampe na maelezo yangu yote, kwa kuwa kioo kitabaki ukutani yeyote atakayekuwa ndani yake.

Mwambie Chapchap kwamba katika ripoti, ukurasa wa tatu, mstari wa kumi, nimeandika: "Hatimaye alibana." Na akuachie hilo jina la Shahidi. Kama hataki kuliacha, basi aliseme kwa heshima.

Wanakaa tena Jumatatu, tarehe mbili Juni. Wakiamua, liwe zuri liwe chungu, nitakuandikia kabla sijavua viatu, na barua itakuwa garini tarehe kumi. Kabla ya hapo akija mama, msingoje barua.

Shangazi yako